Riwaya za Mapenzi na Ajabu: Mazoea Si Uchapwa

Mtambaji anaposema "Paukwa!", hadhira huitikia "Pakawa!" bila kusubiri kufunzwa. Utamu wa ngano haukutegemea ugeni wa mambo, bali kurejea kwa yanayojulikana: mfalme, jinni, safari, mtihani, na wapendanao wanaotenganishwa kabla ya kuunganishwa. Mnamo 1928, Vladimir Propp alionyesha kwamba ngano za ajabu za Kirusi, hata zikitofautiana vipi, hujengwa kwa majukumu yasiyozidi 31. Wasikilizaji hawakuzichoka.

Hata hivyo, aghalabu riwaya ya leo inayofuata mkondo huohuo hubandikwa jina la fasihi pendwa na kuwekwa kando. Fantasia huheshimiwa inapovunja kaida, kama katika Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) au Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Inapozifuata kaida, na tena ikatia mapenzi, huitwa chapwa.

Hukumu hiyo inasahau Adili na Nduguze (1952). Shaaban Robert alichukua kisa kinachopatikana katika Alfu Lela Ulela: ndugu watatu, wivu, jinni, mji uliogeuka mawe, na msichana aliyesalia humo. Kisha akageuza machache. Mbwa wanaopigwa kila usiku wakawa manyani. Na ndugu ambao kule walirudia uhaini, huku wakatubu na kusamehewa. Msomaji anayekijua kisa cha kale ndiye anayeguswa zaidi na msamaha huo, kwa kuwa alitazamia jingine. Basi mazoea si adui wa ubunifu. Ndiyo mizani inayoupima.

Wapo watakaodai kwamba motifu hizi hufunza mapenzi ya ndoto, na kwamba mwanamke hufanywa tuzo ya shujaa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kasoro haiondolewi kwa kufumbiwa macho. Motifu isiyohakikiwa ndiyo inayodumu na dosari zake zote.

Hasara ya kimya hiki ni ya lugha yenyewe. Mwanafunzi wa chuo anayetamani kisa cha ajabu na mapenzi huazima riwaya ya Kiingereza, kama A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas (2015), iliyochota kutoka hekaya ya kale ya Kifaransa kuhusu mrembo na mnyama. Muundo wake si mgeni kwake. Ni jamaa wa ule aliousikia kwa bibi yake. Anausoma kwa lugha nyingine kwa sababu wasomi wa lugha yake wameona haya kuusimulia.

Wahakiki wakiendelea kuudharau utanzu huu, waandishi chipukizi nao watauogopa. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuutungia na kuuandikia tasnifu, na wa wahadhiri kuupa nafasi katika mitalaa. Mwacha asili ni mtumwa.