Kandambili si Ethi

"Vaa kandambili." Hilo ndilo jibu la mwenye nyumba wangu, hapa Arusha, nilipomwambia bomba la bafuni linanipiga shoti kila nikiwasha heta ya kuogea. Aliniangalia kana kwamba nimedai bafu la marumaru.

Heta yenyewe ni ya wati 5,500. Kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Fundi wake aliiunga kwenye waya wa taa, wa milimita 1.5 za mraba, na ule wa kijani na njano, wa ethi, akauacha ukining'inia. Hakukuwa na pa kuufunga. Kisha akanionyesha breka ya ampea 32: ulinzi huo! Ulinzi wa nani? Breka inalinda waya (na huu wala haiulindi, ni mwembamba mno). Sehemu ndogo tu ya ampea 1 inatosha kusimamisha moyo wa mtu aliyelowa, na breka haitajua. Anayejua ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinachokata kwenye miliampea 30. Hakipo.

Nasi wapangaji wasomi tunalifanya hili utani. Majuzi mdogo wangu alikuja kulala kwangu. Nikampa taulo, nikajisikia nikimwambia: "Usiguse bomba. Vaa kandambili."

Heta nimeizima, nachemsha maji kwa gesi. Kwenye kodi ya mwezi huu nimekata gharama ya fimbo ya ethi, waya mnene na fundi mwenye leseni. Mwenye nyumba amekasirika. Akasirike.