Njia ya Jirani Si Lazima Iwe Yako

Katika vijiji vya Rwanda, habari za kupanga uzazi si ngeni tena. Mwaka 2005, wanawake 10 tu katika kila 100 wenye waume walikuwa wakitumia njia za kisasa. Uchunguzi wa taifa wa 2019 hadi 2020 ulikuta wamefika 58. Washauri wa afya, ambao huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, hupeleka vidonge, kondomu na sindano karibu na milango ya watu. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mama asiyeelezwa vizuri huchagua kama anunuaye kitenge: hutazama alichovaa jirani.

Matokeo yake yanajulikana. Mama huwekewa vijiti vya mkononi kwa kuwa shoga yake anavyo. Baada ya miezi miwili hedhi huvurugika, damu ikatoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Hakuna aliyemwambia kwamba hali hiyo huwapata wengi, na kwa kawaida si ugonjwa. Mume hununa, mama mkwe husema kizazi kimeharibika. Mama huenda kuvitoa, hachukui njia nyingine, na kabla mtoto aliye mgongoni hajaweza kutembea, mimba ya pili huingia. Shirika la Afya Duniani hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba tena. Kwa hiyo kosa la kuchagua ovyo hulipwa na watu watatu: mama, mtoto wa mgongoni na yule wa tumboni.

Ili kuepuka hayo, mume na mke wajiulize maswali manne kabla ya kwenda kituoni.

Kwanza, je, mama ananyonyesha? Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mpaka mtoto atimize miezi sita. Vipo vya homoni moja. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba, lakini kwa masharti matatu yaendayo pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hapewi chochote ila maziwa ya mama mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena.

Pili, afya yake ikoje? Mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu mishipani, au mvuta sigara aliyetimiza miaka 35, asitumie vidonge vya homoni mbili. Anayetibiwa kifua kikuu, au anayemeza dawa za kupunguza virusi vya UKIMWI, amweleze muuguzi bila kuficha, kwani baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti.

Tatu, anataka kuzaa tena lini? Sindano ya miezi mitatu hufaa wengi, lakini mama akiiacha, uzazi huweza kukawia miezi kadhaa kabla ya kurudi. Vijiti hukaa miaka 3 au 5 kufuatana na aina yake, na kitanzi cha shaba miaka 10. Vyote vikitolewa, uzazi hurudi upesi. Kufunga kizazi ni kwa wale tu waliokwisha kuamua kwamba watoto wanatosha.

Nne, maisha ya nyumbani yanaruhusu nini? Kidonge hutaka kukumbukwa kila siku. Katika kila wanawake 100 wanaokitumia kama ilivyo kawaida ya watu, 7 hivi hushika mimba kwa mwaka. Kwa wenye vijiti hafikii hata mmoja. Kondomu hushindwa mara nyingi zaidi, yapata 13, lakini ndiyo inayokinga pia maradhi ya zinaa na UKIMWI.

Mzigo huu si wa mama peke yake. Mwanamume aliyetosheka na watoto wake anaweza kufungwa mirija kwa upasuaji mdogo, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nguvu zake za kiume hazipungui. Ila kwa miezi mitatu ya mwanzo ni lazima watumie njia nyingine.

Mama asiondoke kituoni kabla ya kuelezwa mambo matatu: namna ya kuitumia njia yake, mabadiliko atakayoyaona mwilini, na siku ya kurudi. Akiona dalili zinamtisha, arudi hata kabla ya siku hiyo. Njia isiyomfaa haiachwi hivi hivi. Hubadilishwa kwa nyingine, siku ile ile. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili gharama ya kunyamaza ni kubwa mno.