MKONO UENDESHWAO NA UBONGO: NANI ATALIPA?



Wengi wetu, tangu Othaya na Karatina hata Kerugoya na Embu, twafanya kazi penye mashini: viwanda vya chai, mitambo ya kumenya kahawa, misumeno ya mbao. Mashini haijui kutenga kidole na jani. Kwa hiyo habari ya vijana wawili wa Kiambu, David Gathu na Moses Kiuna, yatuhusu sana.

Jirani yao alipoteza kiungo kwa ajali ya kiwandani. Mwaka 2012 wakaunda mkono wao wa kwanza wa mitambo, na mwaka 2022 wakaonyesha mkono wa vyuma chakavu ufuatao amri ya ubongo. Mtu hapasuliwi kichwa. Huvaa chombo kichwani, nacho hupokea nguvu ndogo ya stima itokayo katika ubongo, kisha mota zausogeza mkono. Daktari Mjerumani, Hans Berger, ndiye wa kwanza kupima nguvu hiyo ya binadamu kwa namna hii, mwaka 1924.

Vijana hawa twawapongeza. Lakini tusidanganyike. Nguvu hiyo ni hafifu mno, na mtu akipepesa jicho au akiuma meno, yaweza kuvurugika. Kuchuma majani mawili na chipukizi bado ni kazi ya vidole vya nyama.

Tena, nani atalipa? Wako wadhanio kwamba mkono wa bandia ni sadaka ya tajiri. Sivyo! Sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia ya wanaoumia kazini yamtaka mwajiri alipe gharama za haki za matibabu, pamoja na kiungo cha bandia, kukitengeneza na kukibadili. Mkono wa namna hii ukianza kuuzwa, tajiri atasema ni anasa, gamba la mti latosha. Sisi twasema: aliyetoa mkono wake kazini hakutoa gamba la mti.

Basi ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja, umwambie na karani wa tawi, na dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na haki yao yapotea.

Na kabla ya hayo yote, tudai kifuniko juu ya kila gurudumu na kila msumeno. Bati la kufunika mashini ni rahisi kuliko mkono wowote.

Umoja ni nguvu.