Bumu, baridi na begi la kulalia

Wiki hii tena kuna mshkaji kaniuliza: bumu likitoka, ninunue lile begi la kulalia zito la kupandia Kilimanjaro? Mimi nasema hapana.

Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari. Usiku wa Julai huku Mkonze joto linashuka mpaka nyuzi 13 hivi, na upepo ndo usiseme. Lakini barafu hakuna! Begi jepesi la manyoya laini ya bata, la kuhimili nyuzi 5, linatosha mwaka mzima. Cha msingi liwe na zipu mpaka miguuni, Novemba unalifungua unajifunika kama shuka.

Kosa langu mimi nililala juu ya ardhi tupu. Manyoya yakilaliwa yanabanwa, hewa inayotunza joto inatoka, mgongo unaganda. Hela inayobaki nunua kigodoro cha sponji. Na kuanzia Desemba hadi Aprili libebe kwenye mfuko usioingiza maji, maana manyoya yakilowa hayana kazi tena.

Siku ukienda Kilimanjaro, mabegi mazito yanakodishwa Moshi. Bumu ni la kula kwanza, jamani.

Nawasilisha.