Rangi Haitoki Katika Namba ya Kopo



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililowagawa wanachama wa Chama chetu cha Ufundi wa Mikono tangu muhula huu ulipoanza. Kila Jumamosi twakaa pamoja kuchonga vielelezo vya helikopta, ambazo nyumbani twaziita kajugujugu, na katika kuchonga twapatana vizuri. Ugomvi huanza ifikapo zamu ya rangi.

Kundi la kwanza lasema kwamba helikopta ya vita haina budi kupakwa rangi zenye namba zilizoandikwa katika vitabu vya ng'ambo, na kwamba kielelezo chenye rangi nyingine kisiwekwe mezani siku ya maonyesho. Kundi la pili lasema kijani ni kijani tu, mtu apake anachopata. Jambo hili si dogo, maana kundi la kwanza limeleta pendekezo kwamba kila mwanachama atoe mchango wa kuagiza vikopo hivyo. Wako wenzetu ambao faranga hizo ni za sabuni na madaftari. Wakishindwa kutoa watajiondoa, na baadhi yao ndio wenye mikono hodari kuliko sisi sote.

Mimi si wa kundi lolote katika hayo mawili. Nasema kwamba rangi inayofanana na ya helikopta yenyewe yapatikana, tena yapasa kutafutwa kwa bidii. Lakini hutafutwa kwa macho na kwa kuchanganya, wala haitoki katika namba ya kopo.

Yafaa kwanza niwatendee haki wenye namba. Mwaka 1927 Wajerumani walianza orodha yao ya rangi iitwayo RAL. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilitoa orodha yake, FS 595, ambamo kila rangi ina tarakimu tano, na tarakimu ya kwanza huonyesha mng'ao: 1 ni rangi inayong'aa, 2 ni ya nusu, na 3 ni isiyong'aa. Namba 34087, kwa mfano, ni kijani cha zeituni ambacho helikopta nyingi za Marekani zilipakwa wakati wa vita vya Vietnam. Faida ya orodha hizi ni kwamba viwanda viwili vilivyo mbalimbali huweza kutoa rangi moja bila kuonana. Hilo ni jambo la akili, wala silidharau.

Lakini namba hueleza rangi iliyoagizwa kiwandani tu. Haielezi jinsi ilivyo baada ya jua, mvua, vumbi na moshi wa injini. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, karibu na Ikweta, na jua la huku halina huruma: kila mtu ameona jinsi mlango wa duka uliopakwa kijani unavyopauka. Basi helikopta inayolala nje mwaka mzima itabakije na rangi ya kopo?

Tena liko jambo la umbali. Kielelezo cha kipimo cha moja kwa 72 kikitazamwa kwa umbali wa sentimita 30, ni sawasawa na kuitazama helikopta yenyewe ukiwa mita 21 na zaidi. Kadiri kitu kilivyo mbali, hewa iliyo katikati hupunguza ukali wa rangi yake. Tusitafute ushahidi mbali. Tutazame mlima Nyiragongo asubuhi kukiwa kweupe. Sote twajua kwamba miteremko yake ina misitu ya kijani na mawe meusi, lakini kutoka hapa Gisenyi twauona wa buluu. Kwa hiyo ukipaka kielelezo rangi ya helikopta kamili bila kuipunguza, kitaonekana cheusi kuliko helikopta yenyewe. Mafundi wenye uzoefu huongeza nyeupe kidogo, na kielelezo kikiwa kidogo zaidi, nyeupe huongezwa zaidi. Mwenye kufuata namba peke yake atakosea hapo, hata kama kopo lake limetoka Ulaya.

Na hao wasemao kijani ni kijani tu, nawauliza: rangi hizi zilibuniwa kwa kazi gani? Jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wachoraji mwaka 1915 ili wafiche mizinga na askari. Mwingereza Hugh Cott, bingwa wa elimu ya wanyama ambaye baadaye alichunguza mamba wa Uganda, alitoa mwaka 1940 kitabu kikubwa juu ya rangi za wanyama, na wakati wa vita aliwafundisha askari namna ya kujificha. Walichojifunza watu hao, wavuvi wetu wanacho kiganjani kila siku. Mtazame sambaza. Mgongo wake ni wa giza na tumbo lake ni jeupe. Akitazamwa kutoka juu, hupotea katika giza la maji. Akitazamwa kutoka chini, hupotea katika mwanga. Ndiyo sababu helikopta nyingi za Mi-24 zina mabaka juu na buluu iliyopauka tumboni. Mwenzetu aliyepaka yake kijani kitupu hadi chini ya tumbo ameifanya ionekane vizuri sana dhidi ya mawingu.

Mahali nako kuna neno. Rangi inayoficha kitu katika migomba ya Rubavu itakifichua juu ya mawe meusi ya volkano kule Goma. Tena si kila helikopta hutaka kujificha. Sisi wa mpakani tumekua tukiona angani helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, zenye herufi UN kubwa nyeusi, zilizopakwa makusudi zionekane. Mwaka 2013 Afrika Kusini ilileta Goma helikopta tatu za vita ziitwazo Rooivalk, nazo zilipakwa nyeupe, na nyeupe hiyohiyo zikaingia nayo katika mapigano ya Kivu Kaskazini mwaka huohuo. Jeshi letu nalo lilipopeleka helikopta za Mi-17 Sudan Kusini chini ya Umoja wa Mataifa, zilikuwa nyeupe. Basi mtu akichonga Rooivalk ya Goma na kuipaka mabaka ya kujificha kama kitabu kinavyoagiza, namba zake zitakuwa sahihi, na helikopta yake itakuwa ya uongo.

Wala tusidhani kwamba weupe ni ngao. Tarehe 5 Februari 2023 helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Beni kwenda Goma ilipigwa risasi angani. Mwanajeshi mmoja wa Afrika Kusini akafa na mwingine akajeruhiwa. Wako wazee wanaotuuliza kwa nini twachezea vyombo vya vita katika shule ya misheni. Jibu langu ni kwamba vyombo hivi hupita juu ya vichwa vyetu, na afadhali kijana ajue kwa nini kimoja hujificha na kingine hujionyesha, kuliko kupaka tu bila kufikiri.

Sasa nisemeje juu ya namna ya kuipata rangi? Yatosha makopo matano kutoka duka lolote la vifaa vya ujenzi: nyeupe, nyeusi, manjano, nyekundu na buluu, yote ya aina moja na yasiyong'aa, kwa sababu mng'ao humfichua aliyejificha. Manjano ikitiwa nyeusi kidogo kidogo hutoa kijani cha zeituni. Wengi hawaamini mpaka waone. Kijani kikiwa kikali mno, tone la nyekundu hukituliza. Paka kwanza kwenye kipande cha mbao, ungoje kikauke, maana rangi mbichi si ile ya kesho. Kisha ukiweke karibu na picha nzuri, nje, penye mwanga wa mchana lakini si juani. Msifanye hivyo usiku chini ya taa, kwa sababu rangi mbili zinazofanana chini ya taa huweza kuachana kabisa mchana. Mwisho andika katika daftari idadi ya vijiko vya kila rangi, na hiyo itakuwa namba yako mwenyewe. Wanawake wa Gisaka hutengeneza rangi za imigongo kwa majivu na udongo, bila orodha ya Marekani, na kazi yao yasifiwa duniani.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. La kwanza, mchango wa vikopo vya ng'ambo uachwe, na chama kinunue makopo hayo matano yawe ya wote. La pili, kila kielelezo kiwekwe mezani pamoja na picha yake na kikaratasi kinachotaja nchi, mahali na mwaka, na waamuzi wapime rangi kwa hiyo picha, nje, mchana. La tatu lawahusu kaka zetu waliotutangulia. Wengi wenu mmekwisha kutuandikia mkiuliza mtusaidie nini. Msitutumie vikopo. Tutumieni picha za helikopta mlizoziona huko mliko, nanyi mwandike tarehe na mahali.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mkutano wa chama ni Jumamosi ijayo, na mwenye hoja ya kunipinga na aje nayo.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita,
Gisenyi.