Mpigapicha ni Mtunzi: Mohamed Amin na Ukimya wa Wahakiki

Kuna dhana iliyokita mizizi katika uhakiki wa fasihi nchini Kenya, nayo ni kwamba mshika kamera ni fundi, ilhali mwandishi ni msanii. Kwa mujibu wa dhana hii, fundi hunakili yaliyopo. Msanii huumba yasiyokuwepo. Ndiyo maana Grace Ogot huhakikiwa kama mtunzi wa Nyanza, lakini Mohamed Amin, aliyeuonyesha ulimwengu kifo cha Tom Mboya, huachiwa wanahabari. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Hauna mashiko kinadharia, na unakwenda kinyume na jadi za watu wa Homa Bay na Migori, ambao kifo hicho kiliwagusa kwa namna ya pekee.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, katika familia yenye asili ya Punjab iliyotoka Bara Hindi kabla halijagawanywa mwaka 1947. Alikulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963. Aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akatiwa gerezani visiwani humo. Mwaka 1984 picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, lakini akarudi kwenye kamera. Alifariki Novemba 1996, ndege aliyoabiri ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo, aliondoka katika kazi ya kuwauzia wengine vipande vya picha akaingia katika kazi ya kutengeneza filamu za hali halisi, ikiwemo African Calvary, na kuchapisha vitabu. Hii ni safari ya mpigapicha anayegeuka kuwa mwelekezi. Swali la uhakiki ni hili: je, utunzi ulianza pale alipogeuka, au ulikuwepo tangu awali?

Jibu limo katika picha za tarehe 5 Julai 1969. Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, nje ya duka la dawa. Amin alifika upesi, akapiga picha mjini na ndani ya ambulensi. Picha hizo zilimpatia tuzo la mpigapicha bora wa mwaka huko Uingereza. Wanaodai kwamba kamera hunakili tu wanasahau kwamba mtaani siku ile palikuwa na mambo chungu nzima ya kutazamwa: umati, askari, magari, madirisha ya maduka. Kuuacha umati na kuingia ndani ya gari pamoja na anayekata roho ni uamuzi wa masimulizi. Ni kuamua nani ndiye mhusika mkuu, msimulizi asimame umbali gani, na lini anyamaze. Mhakiki akiyakuta maamuzi hayo katika riwaya huyaita usanii. Kwa nini akiyakuta katika filamu ayaite bahati?

Wala watu wa Nyanza Kusini hawakuhitaji nadharia kutoka ng'ambo ili kulitatua jambo hili. Mwaka 1969 Homa Bay na Migori zilikuwa wilaya moja, na mwili wa Mboya ulirejeshwa huko, ukazikwa kisiwani Rusinga. Katika jadi ya Waluo, mpiga nyatiti huja matangani akiwa shahidi na mtunzi kwa wakati mmoja. Humtaja marehemu, huutaja ukoo wake, huwataja waliofika na hata waliokosa kufika. Hakuna mfiwa anayemuuliza kama amebuni au amenakili. Huulizwa kama amemtendea marehemu haki. Kigezo hicho ni kikali kuliko kile cha vyuoni, na ndicho kinachostahili kutumiwa katika kumpima Amin.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini, lakini husemwa: kwamba Amin alikuwa Mhindi, na kwamba machozi ya Rusinga si urithi wake. Hoja hii haistahili nafasi katika idara ya fasihi. Inafaa kumlinganisha na Govind Nihalani, aliyezaliwa Karachi mwaka 1940 na ambaye familia yake ilihamia India wakati wa mgawanyo wa 1947. Nihalani alikuwa mpigapicha wa Shyam Benegal katika Ankur (1974) kabla ya kuelekeza Aakrosh (1980). Mhusika mkuu wa filamu hiyo ni mkulima wa jamii iliyodharauliwa, anayeshtakiwa kwa kumuua mkewe, na ambaye hafungui kinywa kujitetea. Filamu huutegemea uso wake pale maneno yanapokosekana. Ni mwelekezi aliyefunzwa na lenzi pekee anayethubutu kuubebesha uso mzigo wa namna hiyo. Uhakiki wa India ulimpokea kama mtunzi, na haukumwambia kwamba uchungu wa mkulima yule haumhusu.

Limebaki pingamizi zito zaidi. Picha za Korem zimelaumiwa kwa kuwaonyesha wenye njaa bila majina, bila historia, na bila siasa zilizoizidisha njaa hiyo. Lawama hii ina ukweli, na mtetezi wa Amin hana haja ya kuikwepa. Lakini na itazamwe kwa makini. Kioo hakilaumiwi kwa kuchagua, kwa sababu hakichagui. Anayemlaumu Amin kwa kuwanyima watu majina anakiri kwamba alikuwa na uwezo wa kuwapa, yaani anakiri kwamba alikuwa mtunzi. Tena, maneno yaliyosikika juu ya picha zile yalikuwa ya mwanahabari wa BBC, Michael Buerk. Katika taarifa kama hiyo mpigapicha huwa na jicho bila kuwa na ulimi. Kugeuka mwelekezi ni kuudai ulimi huo, na kwa sababu hiyo ni kukubali kuhukumiwa kwa yote mawili.

Hukumu hiyo haijatolewa, kwa kuwa mahakama ya uhakiki imekataa kuisikiliza kesi. Leo Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, na Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuzitazama picha za 1969 sambamba na nyimbo za maombolezo zilizotungwa kwa ajili ya kifo hicho, na kuuliza ni nani aliyemtendea marehemu haki: mpiga nyatiti, mwanahistoria, au mpigapicha. Walioshuhudia mazishi wakiwa watu wazima sasa ni wakongwe, na wanapungua. Filamu inaweza kusubiri katika makavazi, wao hawawezi. Idara itakayoendelea kubishana kama kamera ni sanaa itamaliza ubishi huo wakati hakuna tena wa kuieleza ni nini kilichoachwa nje ya picha.