Picha Yenye Chenga: Galaksi kama Zana ya Kufundishia

Wanachuo wetu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha huleta zana nyingi walizozitengeneza kwa mikono yao: dunia ya karatasi iliyogandishwa kwa uji wa muhogo, sayari za udongo wa mfinyanzi, jua la kifuu cha nazi kilichopakwa rangi. Kazi hizo ni njema na tunazisifu. Walakini, tukaguapo maandalio ya masomo yao, ni nadra mno kukuta kwamba katika sehemu ya zana mtu ameandika neno "anga". Mtoto wa Kisarawe, ambaye kila usiku usio na mwezi hufunikwa na maelfu ya nyota, hufundishwa habari za nyota saa nne asubuhi, ndani ya chumba, kwa chaki. Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwaongoza watoto wapige wenyewe picha ya galaksi iliyo mbali kabisa na hii yetu, na kwamba picha hiyo, hata ikitoka hafifu na yenye chenga, itafundisha zaidi kuliko ile nzuri iliyochapwa kitabuni.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Jua letu ni nyota moja tu katika kundi lenye nyota zisizopungua bilioni 100, nasi tulio ndani ya kundi hilo huliona kama utepe mweupe unaokata anga, yaani Njia Nyeupe. Kundi la namna hiyo ndilo galaksi. Zimo galaksi za maumbo mbalimbali, na zile za msokoto zina mikono inayozunguka kitovu, mithili ya ukili unavyozungushwa mshonaji aanzapo kitako cha kikapu. Iliyo kubwa na karibu miongoni mwa za msokoto ni Andromeda. Nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Tena si ndogo machoni kama wengi wanavyodhani: urefu wake angani ni kama miezi mipevu sita iliyopangwa mstari mmoja. Kinachoificha ni uhafifu wa nuru yake, wala si udogo.

Habari ya galaksi hii ina historia ambayo mwalimu yafaa aijue. Mwaka 964 mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan aliiandika kitabuni kama kiwingu kidogo, akiwa ameiona kwa macho matupu. Mwaka 1845, huko Ireland, Lord Rosse aligundua msokoto katika galaksi nyingine kwa darubini yake kubwa, akauchora kwa mkono. Aliyeuonyesha msokoto wa Andromeda yenyewe hakuwa mtaalamu aliyeajiriwa. Alikuwa Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales aliyepata mali yake katika kazi ya ujenzi, na mwaka 1888 aliacha bamba la picha likusanye nuru kwa muda mrefu nyuma ya darubini yake mwenyewe. Roberts aliamini kuwa ameona mfumo kama wa jua letu ukizaliwa. Ilibidi kungoja hadi 1923, wakati Edwin Hubble alipoitambua ndani ya Andromeda nyota yenye kubadilika mwangaza, akaitumia kupima umbali, ndipo ikajulikana kuwa kile kiwingu kiko nje kabisa ya Njia Nyeupe. Twaona basi kwamba picha ilitangulia na maana yake ikafuata baadaye. Darasani mwetu mambo hugeuzwa: maana hutangulia, ikakaririwa, na picha haiji kamwe.

Wako wenzetu wanaosema: kwa nini kujisumbua, ilhali picha bora zimo katika simu ya kila mwalimu? Jibu letu ni kwamba picha hizo hazimwonyeshi mtoto kazi iliyofanyika. Rangi za kupendeza anazoziona katika picha za darubini ya Hubble zimeunganishwa kutoka picha kadhaa zisizo na rangi, kila moja ikiwa imepigwa kupitia kichujio chake. Huo si udanganyifu, bali ni kazi ya kitaalamu. Lakini mwalimu amwambiapo mtoto "hivi ndivyo ilivyo," kisha mtoto akatoka nje akaona weusi mtupu, mtoto huyo atachagua moja kati ya mawili: kuliamini jicho lake au kumwamini mwalimu. Mara nyingi humwamini mwalimu, naye kuanzia hapo huacha kutazama. Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa. Makala ya Mwalimu Nyerere ya 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea ilikwisha kuonya dhidi ya kudhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na simu katika jambo hili ni kitabu kingine tu.

Sasa tuingie katika utendaji. Vitabu vya ng'ambo vitamwambia mwanachuo aelekeze chombo chake kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo haipo, kwa kuwa Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, nayo iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya anga tunayoweza kuitumia ni ya kusini, nayo imeinuka nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na ukungu wa ardhini, wala haina nyota angavu ya kuitambulisha. Kwa hiyo hatuna budi kuitafuta kusini kwa njia yetu.

Njia hiyo ni kivuli. Simamisha fimbo wima uwanjani, uchore duara kwa kamba kuizunguka. Asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapoigusa duara ikiingia, na alasiri pale inapoigusa ikitoka. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni wa mashariki na magharibi, na ule unaoukata kwa pembe mraba ni wa kaskazini na kusini. Darasa la Tano laweza kuifanya kazi hii kwa siku moja, nayo ni jiografia na hisabati kwa pamoja.

Dunia huzunguka, na kamera iliyosimama tuli huzifanya nyota ziwe michirizi baada ya sekunde chache. Dawa yake seremala yeyote anaiweza: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na bolti ya milimita 6 inayopita katika ubao wa chini na kuusukuma ule wa juu uliobeba kamera. Bolti ya kawaida ya kipimo hicho hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Ikitobolewa milimita 229 kutoka kwenye mstari wa bawaba, mwanafunzi akiizungusha mara moja kwa kila dakika, kamera itafuata nyota sawasawa na mwendo wa dunia. Bawaba ilale juu ya ule mstari wa kaskazini na kusini, upande wa magharibi wa chombo, na ncha yake ya kusini iinuliwe: kwa ubao wa sentimita 40, karibu sentimita 5 zatosha. Mzungushaji mmoja, mtazama saa mmoja, mwandishi mmoja wa daftari. Kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 50 inafaa kabisa. Simu inayoweza kuacha kilango wazi kwa sekunde 10 au zaidi itaionyesha Andromeda kama doa tu, lakini doa hilo pia si la kudharauliwa.

Kuitafuta Andromeda ifikapo juu kaskazini, tazama nyota nne zinazofanya mraba mkubwa. Ile ya kona ya chini kulia huitwa Alpheratz, jina litokanalo na neno la Kiarabu lile lile lililotupa sisi "farasi". Kutoka hapo nenda kulia hadi nyota nyingine angavu, kisha shuka kuelekea upeo. Vitabu vya Ulaya vitasema panda. Mwanachuo asibishane navyo, bali akumbuke kuwa waandishi wao walisimama upande mwingine wa ikweta.

Tulifanya kazi hii pamoja na kikundi cha wanachuo karibu na Maneromango, mwezi wa Oktoba, kuanzia saa tano usiku. Tulipiga picha 100, kila moja sekunde 30. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha kamera, mwanachuo mmoja alisema kwa sauti ya huzuni, "Ni punje ya mchele, mwalimu." Naam, ilikuwa punje ya mchele, tena yenye chenga tele. Siku ya pili tulizijumlisha picha zote kwa programu ya bure iitwayo Siril, na ile punje ikanyooka kuwa yai refu lenye kiini cheupe na ukingo uliofifia taratibu. Hapakuwa na rangi za kitabuni. Hakuna aliyelalamika.

Hapa ndipo penye somo, nasi twaomba mwanachuo asipapite haraka. Chenga za kamera huja bila mpango, mara hapa, mara pale, ilhali galaksi haihami mahali pake. Ukichukua wastani wa picha 4, chenga hupungua hadi nusu. Wa picha 100, hadi sehemu moja ya kumi. Mtoto wa Darasa la Sita anaweza kuuonja ukweli huu bila kamera. Wape wanafunzi wote rula, wapime urefu wa dawati lile lile hadi milimita, kila mmoja kwa siri, kisha watafute wastani. Wataona majibu yanatawanyika, lakini wastani wa darasa hautikisiki sana. Na mwalimu mwerevu atampa mwanafunzi mmoja rula iliyolika mwanzoni, ili waone kuwa lipo kosa lisilotibiwa kwa wingi wa vipimo. Mwangaza wa Dar es Salaam ni wa aina hiyo: umo katika kila picha, nao hauondoki kwa kujumlisha.

Ndiyo maana mahali pana uzito. Kibaha imekua pamoja na elimu tangu mradi wa nchi za Nordic uanze mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, lakini leo taa za Barabara ya Morogoro na za viwanda zimeifuta sehemu kubwa ya Njia Nyeupe. Kisarawe mjini, nyuma ya vilima vya Pugu, ni afadhali, ingawa upande wa mashariki anga huwa na wekundu wa jiji. Kusini zaidi giza ni halisi. Kwa kazi ya jioni zichaguliwe siku kuanzia 22 ya mwezi mwandamo hadi 5 ya mwezi unaofuata. Tarehe hizo wazee wa kijiji wanazo bila kalenda. Masika tusijisumbue.

Somo la historia nalo lina fungu lake. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Oldupai mwaka 1959, lina takriban milioni 1.75. Nuru iliyoingia katika kamera yetu iliondoka Andromeda kati ya hao wawili. Mstari wa wakati uliochorwa ukutani na kuwekwa alama hizo tatu hufanya yale ambayo saa nzima ya maelezo haiyafanyi.

Wapo watakaoiita kazi hii anasa, wakitaja madarasa yaliyofurika na uhaba wa madawati. Hoja yao haielekei kwenye jambo lenyewe, maana kijiti, kamba, mbao mbili na bolti havijamnyang'anya mtoto dawati. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameandika magazetini kwa miaka mingi akiwahimiza wananchi watazame anga, na tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, watoto wa shule wakiwamo. Hamu ipo. Ugumu wa kweli ni usiku wenyewe. Mwalimu asiwatoe watoto bila ridhaa ya wazazi iliyoandikwa na taarifa kwa serikali ya kijiji. Wasichana wafuatane na mwalimu wa kike, na wazazi waalikwe waje, kwani wakiisha kuiona ile punje ya mchele wao wenyewe, ruhusa ya mara ya pili haiombwi kwa shida.

Ukutani zitundikwe picha mbili bega kwa bega: ile ya kwanza yenye chenga na ile ya jumla, chini yake majina ya wazungushaji. Wanachuo watakaopangiwa shule za Kisarawe mwezi wa Juni hawataipata Andromeda jioni. Wao watumie lenzi ya milimita 200 na kutafuta galaksi ya M83, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 15 hivi, ambayo mwanzoni mwa mwezi huo hufika juu kabisa upande wa kusini yapata saa tatu na nusu usiku. Mbao zilizokwisha tobolewa zimo katika karakana ya chuo, na ufunguo huchukuliwa kwa mkufunzi wa zamu.